Tremolo ipi ifungwe kwenye gitaa lako: Stratocaster, Floyd Rose, Bigsby au Kahler?

Tundu likishatobolewa kwenye bodi ya gitaa, limetobolewa. Pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) usiyoipenda unaifungua na kurudisha ya zamani jioni hiyohiyo, na vigingi vya kukazia nyuzi ni vivyo hivyo. Tremolo, yaani daraja au kishikio chenye mkono wa kutikisa noti, haina upole huo. Nyingi zinadai nguzo zizamishwe kwenye mbao, shimo lichimbwe kwa ruta (mashine ya kuchimbia mbao), au mwisho wa shingo ukatwe ili nati mpya ipate pa kukaa. Kwa hiyo anayesimama njia panda akijiuliza anunue ipi hapotezi muda. Anafanya kazi inayopaswa kufanywa kabla keekee haijawashwa.

Hapa nalinganisha mifumo minne inayouzwa peke yake kwa ajili ya kufungwa kwenye gitaa la umeme: ile ya Stratocaster yenye skrubu sita au nguzo mbili, Floyd Rose, Bigsby na Kahler. Baada ya hapo nitagusa zile zinazofungwa bila kutoboa, kisha marekebisho ambayo mara nyingi humwokoa mtu asinunue kabisa.

Jina lenyewe lilianza kombo. Kimuziki, tremolo ni kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti. Kupanda na kushuka kwa noti huitwa vibrato. Leo Fender alikiita kifaa cha Stratocaster ya 1954 tremolo, na kwenye amplifaya zake saketi inayochezesha nguvu ya sauti akaiita vibrato. Yalibadilishana, na wapiga gitaa wamezoea. Nami nitasema tremolo.

Maneno manne zaidi ili tuelewane. Nati ni kile kipande cha mfupa, plastiki au chuma chenye mifereji sita, pale shingo inapokutana na kichwa. Kikalio ni kile kipande cha daraja (kile chuma cha kwenye bodi ambacho nyuzi hupita juu yake) ambacho uzi umekikalia. Kila uzi una chake. Bloku ni donge la chuma linaloning'inia chini ya daraja ndani ya bodi, na springi hushikizwa hapo. Mkono ni kile kifimbo unachokishika.

Vigezo

Cha kwanza ni mbao: unakata kiasi gani, na je, ukibadili mawazo gitaa linaweza kurudi lilivyokuwa? Nimekiweka mbele kwa makusudi, kwa sababu hiki ndicho pekee kisichosameheka.

Cha pili ni mwendo, yaani noti inashuka na kupanda umbali gani. Cha tatu ni kurudi: ukiachia mkono, nyuzi zinarudi kwenye noti zake? Cha nne ni kiganja, namna daraja linavyokaa chini ya mkono wako wa kulia, na linavyofanya unapovuta uzi kwa kidole au unapozima nyuzi kwa kiganja. Cha tano ni nyuzi: kazi ya kuzibadilisha, na ugumu wa kuhama kutoka tuni moja kwenda nyingine.

Sauti sijaipa kigezo chake. Ni kweli kwamba uzito na aina ya chuma hubadilisha mlio, lakini mbao ya gitaa, pikapu na amplifaya vina sauti kubwa zaidi katika jambo hilo, na sijaona anayeweza kumwahidi mwenzake kwa uaminifu kwamba daraja fulani litampa mlio fulani. Pale tofauti inaposikika wazi nitaisema.

Jua kwanza anayeharibu tuni

Watu wengi hununua tremolo mpya kutibu ugonjwa ulioko kwingine. Seti ya kawaida ya nyuzi 10 hadi 46, kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 648, ikiwa kwenye tuni ya kawaida, huvuta kwa jumla kama kilo 47. Springi za nyuma kazi yake ni kuusawazisha mvuto huo. Ukibonyeza mkono unaivuruga mizani. Ukiachia, mizani inatakiwa irudi palepale. Isiporudi, kuna mahali uzi umekwama, na mara nyingi mahali penyewe ni kwenye nati, mbali kabisa na daraja unalolilaumu.

Kuna kipimo kisichohitaji chochote zaidi ya kifaa cha kupimia noti na masikio. Bonyeza mkono mpaka nyuzi zilegee, achia taratibu, pima uzi mmoja mmoja. Uzi uliokutwa juu kidogo ya noti yake, uvute kwa kidole kama unavyovuta kwenye solo, uachie, upime tena. Ukiwa sasa umeshuka chini, nati ndiyo inayoukamata. Sababu ni hii: mkono ulipozama, uzi ulilegea upande wa freti (vile vyuma vya shingoni), sehemu iliyo nyuma ya nati ikauvuta kidogo kuelekea kwenye kigingi, na wakati wa kurudi mfereji ukaubana, kwa hiyo ukabaki umekaza. Ulipouvuta kwa kidole ukateleza kuja mbele, ukabanwa tena, safari hii ukabaki umelegea. Sauti ndogo ya "ting" wakati wa kutuni ni dalili ya jambo hilohilo.

Nyuzi zote sita zikikosea upande mmoja kwa kiasi kinachokaribiana, basi ni zamu ya daraja: skrubu, nguzo, makali yaliyolika, au springi inayogusa mbao.

Nati inayokamata hutibiwa kwa faili nyembamba inayolingana na unene wa uzi, kwa kulainisha mfereji, na kwa unga wa risasi ya penseli. Unga wa penseli si mzaha; grafiti ni kilainishi halisi, na nati za Graph Tech zimejengwa juu ya wazo hilohilo la nati inayojilainisha. Hesabu pia mizunguko kwenye vigingi: mizunguko sita ya uzi mwembamba ni springi ya ziada ambayo hukuiomba. Miwili au mitatu inatosha, na vigingi vya kufunga, vile vinavyoubana uzi ndani ya mhimili, hutosheka na chini ya mmoja.

Fanya hayo kwanza. Kama gitaa limetulia, umeokoa bodi yako. Kama bado unataka kitu ambacho daraja lako haliwezi kukifanya, endelea kusoma.

Tremolo ya Stratocaster

Daraja zima linainama pamoja na vikalio vyake, bloku inapita katikati ya bodi, na nyuma kuna nafasi ya hadi springi tano. Muundo wa 1954 unainamia kwenye skrubu sita zilizopangwa mstari. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 Fender ilileta American Standard yenye nguzo mbili, ambazo daraja huzigusa kwa makali yaliyochongwa kama kisu. Wilkinson VS100 na Gotoh 510 zimo katika ukoo huu wa nguzo mbili.

Mbao. Kama gitaa lako lina tremolo ya aina hii tayari, kubadilisha ya skrubu sita kwa nyingine ya skrubu sita hakudai kukata kitu, mradi umepima. Na hapa ndipo watu wanapoumia, nami nikiwemo. Niliwahi kuagiza daraja kwa kuangalia picha. Lilifanana kabisa na langu. Lilipofika, nyuzi zilikuwa zimepanuka kuliko shingo, na uzi wa kwanza ukawa unatoka nje ya freti kila nikiuchezesha. Vipimo viwili vinavyotawala ni milimita 56 na milimita 52.5 kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, na umbali wa skrubu ya kwanza hadi ya sita nao kwa kawaida huja katika vipimo hivyohivyo viwili. Vipime vyote, kila kimoja peke yake. Chukua rula ya chuma, pima kutoka kati ya skrubu hadi kati ya skrubu, andika, kisha pima tena kesho yake. Kwenye nguzo mbili, madaraja ya mtindo wa Fender yana milimita 56 kati ya nguzo, na ya mtindo wa Floyd Rose yana 74. Pima na unene wa bodi. Stratocaster ya kawaida ina takriban milimita 45. Magitaa mengi ya bei nafuu ni membamba zaidi, na bloku ndefu ikiingia humo itachungulia nje upande wa nyuma na kukwaruza mkanda wa suruali.

Kutoka skrubu sita kwenda nguzo mbili ni kuziba matundu ya zamani na kutoboa mapya. Kunawezekana, ila si lazima: skrubu sita zilizopangwa vizuri, zile nne za katikati zikilegezwa kidogo ili mzigo ubaki kwa mbili za pembeni, zinakaribia sana ulaini wa nguzo mbili.

Mwendo. Chini unaweza kwenda mpaka nyuzi zilegee. Juu kunategemea ulivyolipanga: kipimo cha Fender ni kuinua nyuma ya daraja kama milimita 3.2 kutoka kwenye bodi, na nafasi hiyo ndiyo inayokuruhusu kuvuta noti ipande.

Kurudi. Vizuri, kama nati ni safi. Jeff Beck aliutumia mfumo huu pamoja na nati ya rola, akatoa sauti za karibu na mwanadamu anayeimba, bila kufunga nyuzi kwenye nati. Atakayekwambia tremolo ya Stratocaster haiwezi kukaa kwenye tuni pengine hajaiangalia nati yake.

Kiganja. Daraja likiwa linaelea, uzi mmoja ukivutwa kwa kidole mingine mitano inashuka kidogo. Anayependa kupiga nyuzi mbili pamoja, mmoja akiuvuta na mwingine ukisimama, hulisikia hilo mara moja. Kuegemeza kiganja nako kunapandisha noti.

Nyuzi. Unapenyeza kutokea nyuma, basi. Hakuna mfumo rahisi kuliko huu.

Anayefaa: mpigaji ambaye mkono kwake ni lafudhi, kitetemeshi kidogo mwishoni mwa sentensi ya solo au akodi inayoyumba, na anayetaka wakati uleule kubadilisha uzi jukwaani bila kutafuta spana.

Floyd Rose

Floyd D. Rose alipata hataza yake mwaka 1979. Wazo lake ni la moja kwa moja: kama uzi unakwama kwenye nati, ufunge hapohapo usiteleze kabisa. Uzi unabanwa kwenye nati ya chuma upande mmoja na ndani ya kikalio upande wa pili, na vigingi vya kichwani vinakosa kazi. Matoleo ya kwanza hayakuwa na njia ya kutuni baada ya kufunga. Vile vituni vidogo vya kwenye daraja vilikuja baadaye.

Mbao. Hapa ndipo bei halisi ilipo. Bodi isiyo na tremolo inahitaji shimo la bloku, shimo la springi na nguzo mbili nene. Ukitaka livute juu sana, unachimba pia ngazi chini ya daraja upande wa mbele wa bodi. Kisha kuna shingo: nati ya kufunga inataka kitako kilichokatwa kwa vipimo, na shingo iliyokatwa hivyo haikubali tena nati ya mfupa bila kujazwa. Nati nazo zina upana wake. R2 ni kama milimita 41, R3 karibu 43. Ukikosea, nyuzi zinakaa pembeni mwa shingo. Kazi hii mpe fundi, isipokuwa kama umeshachimba bodi kadhaa za majaribio.

Mwendo. Mkubwa kuliko yote. Nyuzi zinalegea mpaka zinalala juu ya pikapu, na likichimbiwa ngazi zinapanda juu kiasi cha kutisha. Mtindo wa Eddie Van Halen na Steve Vai, ule wa kuizamisha noti hadi ipotee, ulihitaji kifaa hiki.

Kurudi. Likiwa na makali mazima, linarudi palepale baada ya vurugu yoyote. Lakini weka mkazo kwenye makali. Uzito wote wa kazi unakaa juu ya kingo mbili nyembamba za chuma zinazogusa nguzo. Nakala nyingi za bei ya chini zina chuma laini. Kingo zinamomonyoka, na baada ya hapo hakuna utakachokaza kikasaidia. Katika familia rasmi, Original imetengenezwa kwa chuma kigumu, mfululizo wa 1000 unafuata nyenzo zilezile, na Special inapunguza gharama kwenye bloku na vikalio. Na usizungushe nguzo hata siku moja wakati nyuzi zimekaza. Legeza kwanza. Zamu moja ya ufunguo chini ya mvuto wote inatosha kung'ata makali.

Kiganja. Kama la Stratocaster linaloelea, ila kwa wepesi zaidi, na vile vituni vidogo viko palepale kiganja kinapotaka kulala. Wengine huzoea ndani ya siku mbili. Wengine hawazoei kamwe, na si kosa lao.

Nyuzi. Unakata kile kipira cha mwisho wa uzi, unaubana kwa ufunguo wa Allen wa milimita 3, unatuni kwa vigingi, unatuni tena kwa sababu kila uzi unaoukaza unalegeza mingine, na ukifika unafunga nati. Badilisha uzi mmoja mmoja, au weka kitambaa kilichokunjwa chini ya daraja lisizame. Uzi ukikatika katikati ya wimbo, mitano iliyobaki inapanda yote na wimbo umekwisha. Kuhama kutoka tuni ya kawaida kwenda tuni nyingine haiwezekani jukwaani, ila kama daraja limezuiwa lisipande, hapo kifaa cha EVH D-Tuna kinaweza kushusha uzi wa sita hadi D.

Anayefaa: mpigaji wa roki nzito na metali anayetumia mkono kama ala ya pili, mwenye gitaa moja kwa tuni moja, na mwenye subira. Pia mwenye gitaa ambalo limeshachimbwa kiwandani; yeye hana mbao ya kulilia.

Bigsby

Paul Bigsby aliitengeneza kwa kuombwa na mpiga gitaa Merle Travis, na umbo lake la alumini iliyomiminwa halijabadilika sana hata baada ya jina kupita mikono ya Gretsch na sasa Fender. Springi ni moja tu, chini ya mkono. Nyuzi zinazunguka mhimili. Mhimili ukizunguka, noti inatikisika.

Mbao. Kidogo. Skrubu chache, au hakuna kabisa ukitumia bamba la Vibramate linaloshika kwenye matundu yaliyopo. Lakini chagua namba sahihi: B5 kwa bodi bapa, B7 kwa bodi zenye mgongo kama Les Paul ya Gibson, B3 na B6 kwa magitaa yenye uvungu. Usisahau waya wa ardhi. Ukiondoa kishikio cha zamani (kile chuma kinachoshika mwisho wa nyuzi) bila kuunganisha Bigsby na waya huo, gitaa litaunguruma hata ukiwa umeshika nyuzi.

Mwendo. Mfupi: nusu toni hivi, toni nzima ukisukuma. Asiyejua hili atavunjika moyo, na anayelijua ndicho anachokitafuta. Akodi nzima inapepea taratibu bila kuanguka.

Kurudi. Hapa pana ubishi mwingi, na nionavyo mimi Bigsby husingiziwa. B5 na B7 zina kifimbo kinachozisukuma nyuzi chini kabla ya kufika kwenye daraja; pembe ile kali inaongeza msuguano juu ya vikalio. Weka daraja la rola, au hakikisha daraja lako linatikisika pamoja na nyuzi badala ya kuzikwaruza, na nusu ya malalamiko huisha. Nusu nyingine iko kwenye nati. B3 na B6 hazina kifimbo hicho, ndiyo maana kwenye magitaa yenye uvungu hufanya kazi kwa ulaini zaidi.

Kiganja. Daraja lenyewe halisogei, kwa hiyo kiganja kiko huru. Kuvuta uzi kwa kidole hakuishushi mingine kwa kiasi cha kusumbua.

Nyuzi. Kero. Kipira cha uzi kinavalishwa kwenye kipini kidogo kwenye mhimili, na kinachomoka kila ukigeuka kushika kigingi. Kunja mwisho wa uzi umbo la ndoano kabla ya kuuvalisha, kisha ubane na kapo (kibanio cha shingoni) kwenye freti ya kwanza huku ukizungusha. Ukishajua, ni dakika moja zaidi.

Anayefaa: mpigaji wa rizimu na melodia, wa kantri, rokabili na roki ya taratibu. Brian Setzer na Neil Young wameishi nayo miaka yote, na mitindo yao haifanani hata kidogo.

Kahler

Huyu ndiye anayesahaulika, na hastahili. Badala ya makali ya kisu kuna mhimili unaozunguka kwenye beringi, nao huzikunja na kuzikunjua nyuzi nyuma ya vikalio vya rola. Springi zimo ndani ya kifaa chenyewe.

Mbao. Toleo la kulala bapa, 2300, linahitaji shimo upande wa mbele tu. Halipenyi hadi nyuma wala halihitaji chumba cha springi. Ni kukata, lakini ni kukata kwa kiasi. Yapo pia matoleo yanayokaa kwenye nguzo za kishikio cha Les Paul.

Mwendo. Chini sana, juu kiasi kizuri. Na kuna jambo wengi hawalijui: kwa kuwa vikalio vimesimama na ni mhimili tu unaozunguka, kimo cha nyuzi hakibadiliki unapotumia mkono. Kwenye Floyd Rose daraja zima linainuka na kuinama, na nyuzi pamoja nalo.

Kurudi. Beringi hazimomonyoki kama makali, na rola hupunguza msuguano. Nati inabaki kuwa suala lako. Wengine hufunga nyuzi nyuma yake.

Kiganja. Kila kikalio kinarekebishwa kimo, urefu na hata upande, jambo linalomfurahisha yeyote ambaye shingo yake ina upana usio wa kawaida. Mguso wake ni mwepesi, karibu uwe wa maji. Kuhusu sauti: wapo wanaosema noti haidumu kama kwenye bloku nzito, na kwa vile hakuna bloku inayopita ndani ya mbao, sioni sababu ya kuwabishia.

Nyuzi. Kipira kinaingia kwenye ndoano ya mhimili, hakuna kukata.

Anayefaa: anayetaka mwendo mkubwa bila kutoboa bodi hadi nyuma, kama Kerry King alivyofanya kwa miaka mingi, na anayependa kurekebisha kila kitu kwa ufunguo mdogo.

Wasiotaka keekee kabisa

Duesenberg Les Trem inakaa kwenye nguzo zilezile za kishikio cha Les Paul na inatoka bila alama. Mwendo wake uko karibu na wa Bigsby. Floyd Rose FRX huketi juu ya bodi ya aina hiyo bila kuchimba, ila nati bado inataka kushughulikiwa. Wenye magitaa ya Fender ya Jazzmaster au Jaguar wasihangaike na haya: tremolo yao ni nzuri tangu 1958, na kinachowasumbua kwa kawaida ni daraja, ambako nyuzi hutoka kwenye mifereji. Daraja la Mastery au vikalio vya Mustang huponya hilo.

Marekebisho kwenye daraja ulilonalo

Kubwa kuliko yote halina gharama: amua kama daraja lielee au lilale. Ukikaza skrubu za kile kibao cha springi (kile kinachoshika springi nyuma ya bodi) mpaka daraja lilale kwenye mbao, linashuka tu na halipandi. Unapoteza kitetemeshi cha juu. Unapata nyuzi ambazo hazishuki ukivuta mmoja, tuni inayostahimili uzi kukatika, na uhuru wa kushusha uzi wa sita ukitaka. Asiyeweza kuamua atafute Tremol-No: inakaa mahali pa kibao cha springi na inakuwezesha kuchagua kuelea, kushuka tu, au kufunga kabisa, kwa kukaza vifundo vya vidole.

Springi tatu hutosha seti ya 10. Nne au tano hukaza zaidi mkono; hazileti tuni yenyewe.

Bloku ya chuma kizito mahali pa ile ya zinki ni badiliko ninalolipenda, hasa kwenye magitaa ya bei nafuu ambako tundu la mkono kwenye bloku laini hulegea na mkono ukaanza kucheza. Hata usiposikia tofauti ya mlio, mkono utakaa imara. Hakikisha tu matundu ya skrubu zake yanalingana na bamba la juu, na pima kina cha bodi tena.

Skrubu za daraja zikiwa zimelegea kwenye mbao, usiweke nene zaidi. Jaza tundu kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi ya mbao, acha usiku kucha, toboa upya tundu dogo. Na waya uliochomelewa kwenye kibao cha springi uache ulivyo. Huo ndio ardhi ya gitaa lako lote.

Kulingana na hali yako

Una Stratocaster au nakala yake na tatizo lako ni tuni: nati, vigingi, springi. Tremolo mpya iwe ya mwisho, na iwe ya vipimo vilevile.

Una gitaa la kishikio kisichosogea na unatamani mtikisiko kwenye akodi: Bigsby juu ya Vibramate, au Les Trem. Zote mbili zinaondoka bila kuacha jeraha, na baada ya miezi mitatu utajua kama mkono umekuwa sehemu ya upigaji wako au pambo.

Unataka kuzamisha noti hadi mwisho na gitaa lako halijachimbwa: linganisha gharama ya fundi na gharama ya gitaa la pili lililotoka kiwandani na Floyd Rose. Mara nyingi gitaa la pili ndilo jibu. Kama lazima liwe hilihili, iangalie Kahler kabla ya kulipasua hadi nyuma.

Unabadilisha tuni mara mbilitatu katika shoo moja: usielee. Daraja lililolala, au Bigsby.

Gitaa ni la zamani na lina thamani, ya fedha au ya moyo: usitoboe chochote. Chagua kati ya vinavyotumia matundu yaliyopo, na vifaa vya asili viweke kwenye mfuko pamoja na skrubu zake zote.

Na kama gitaa unalo moja na shoo ni wiki hii, acha spana mezani mpaka shoo ipite. Nyuzi mpya hunyooka kwa siku kadhaa, springi hudai kurekebishwa mara mbili au tatu, na kimo cha nyuzi hubadilika kila unapogusa kimojawapo.